Lumbesa Kwenye Miamba

Mkulima wa viazi anaijua lumbesa bila kufundishwa darasani. Gunia limeshajaa hadi mdomoni, lakini mnunuzi anatoa kamba na wavu, anaongeza kilemba juu, anashindilia kwa goti, anashona, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Kwenye karatasi ni gunia moja. Mgongoni mwa mbebaji ni gunia na nusu. Serikali yetu imepiga marufuku mchezo huo sijui mara ngapi, mawaziri wamehutubia, na kila mwenye akili anakubali kwamba huo ni wizi hata kama kila mtu sokoni anaufanya.

Sasa kuna lumbesa nyingine ambayo hakuna waziri atakayeihutubia, na wanaoifanya hawaoni aibu. Wanajisifu nayo. Nazungumzia madaraja ya ugumu kwenye mchezo wa kukwea miamba.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka. "Huyu bwana kaishiwa na habari za Bunge, sasa kahamia kwenye mawe." Cheka tu ndugu yangu, lakini soma mpaka mwisho, maana hoja yangu inahusu namba, nani anaziandika, na nani anaumia pale namba zinapodanganya. Hayo mambo tunayajua sana hapa Bongo.

Kwanza kwa wasioujua mchezo wenyewe. Kukwea miamba siyo kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mpagazi mbele na fimbo mkononi. Huku unapanda ukuta wa jiwe kwa vidole na ncha za viatu, mwenzako chini ameshika kamba. Kila njia ya kupandia ina jina na ina daraja. Daraja linakuambia, kabla hujaacha ardhi, kazi inayokungoja huko juu ni ya aina gani. Mtu anachagua njia kwa kulitegemea hilo. Anaamua aende na kamba ipi, vifaa vingapi, na aende na nani.

Je, daraja linatoka wapi? Hapa ndipo penye kasheshe. Hakuna mashine inayopima. Hakuna TBS ya miamba. Mtu wa kwanza kuipanda njia anapendekeza daraja, wanaofuata wanakubali au wanabisha, na baada ya muda namba inachapishwa kwenye kitabu cha mwongozo. Ikishachapishwa inakuwa kama msahafu. Kwa hiyo unachokisoma pale ni maoni ya watu fulani, wa mahali fulani, wa zama fulani, yaliyovalishwa suti ya hesabu.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Maoni ni maoni. Ugomvi wangu unaanza pale ambapo watu wanajua kabisa kwamba namba yao ni ndogo kuliko ukweli, na wanaiacha hivyo kwa makusudi, halafu wanaita hiyo "mila ya hapa kwetu".

Tuanze na Marekani. Wenzetu kule wanatumia mizani inayoanzia 5.0. Ile 5 maana yake ni kwamba eneo linahitaji kamba, na namba baada ya nukta inaonyesha ugumu. Mizani hiyo ilinolewa kwenye mwamba wa Tahquitz, kusini mwa California, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walioitunga walifikiri kwa desimali: kumi tu, 5.0 mpaka 5.9, basi. Mwaka 1952 Royal Robbins akapanda njia iitwayo Open Book pale Tahquitz, ikapewa 5.9, na hiyo ndiyo ikawa dari ya nyumba. Juu yake hakuna kitu.

Tatizo la dari ni kwamba watu wanaendelea kurefuka. Vijana wakazidi kuwa wazuri, wakapanda njia ngumu zaidi, na kwa kuwa hapakuwa na namba ya juu wakaziita nazo 5.9. Miaka ya 1960 ndipo 5.10 ilipokubalika. Ndiyo, nukta kumi baada ya nukta tisa. Mwalimu wetu wa hisabati angemchapa mtu. Miaka ya 1970 Jim Bridwell wa Yosemite akaleta pendekezo la kuigawa 5.10 kwa herufi a, b, c na d, kwa sababu nayo ilikuwa imejazwa mpaka inapasuka.

Sasa jiulize, zile njia za zamani zilizobandikwa 5.9 wakati dari ipo, zilirekebishwa zote? Thubutu! Nyingi zimebaki na namba yao ya ujana. Nenda Yosemite, nenda Joshua Tree, nenda Shawangunks kule New York ambako ukweaji ulianza miaka ya 1930, utakuta 5.9 ambayo kwenye eneo lililofunguliwa miaka ya 1990 ingeitwa 5.10 bila ubishi, tena ya juu. Hiyo ndiyo lumbesa yenyewe. Gunia moja kwenye karatasi, gunia na nusu mgongoni.

Msifikiri ni Wamarekani peke yao. Kwenye milima ya Alpi, Mjerumani Willo Welzenbach alitengeneza miaka ya 1920 mizani ya madaraja sita. Daraja la VI lilitafsiriwa kuwa ndio mwisho wa uwezo wa binadamu. Fikiria kiburi hicho! Kwa miaka hamsini hivi wakweaji wa Ulaya waliishi chini ya dari hiyo, kila kizazi kikizidi kubanana ndani ya VI, mpaka mwaka 1977 Reinhard Karl na Helmut Kiene walipopanda njia ya Pumprisse huko Austria wakasema wazi kwamba hii ni VII. Ndipo dari likabomolewa. Uingereza nako kulikuwa na daraja la mwisho, "Extremely Severe", likageuka kuwa stoo ambamo kila kitu kigumu kilitupwa, mpaka ilipolazimu miaka ya 1970 kuligawa kuwa E1, E2, E3 na kuendelea.

Nchi tatu, ugonjwa mmoja. Wazee waliweka mwisho wa kipimo pale ulipokuwa mwisho wa uwezo wao, na wajukuu wanalipa deni.

Kuna jambo la pili, nalo ni kwamba vipimo hivi havipimi kitu kimoja. Mfaransa anakupa namba na herufi, 6a, 7b, 8c, na anachopima ni ugumu wa kuipanda njia nzima tu, kwa sababu kwenye njia nyingi za namna hiyo bolti zimeshapigwa kwenye jiwe na ukianguka kamba itakudaka. Mwingereza yeye anakupa vipande viwili: kimoja kinaeleza uzito wa jambo zima pamoja na hatari ya kuanguka, kingine kinaeleza ugumu wa hatua moja iliyo ngumu kuliko zote. Kwa hiyo njia mbili zinaweza kuwa na hatua ngumu zinazolingana kabisa, moja ikawa mchezo wa jioni na nyingine ikawa mahali pa kuvunjia kiuno.

Na lugha yake, jamani! Kwenye mizani ya Kiingereza "Difficult", yaani ngumu, ni njia ya wanaoanza. "Very Difficult", ngumu sana, nayo ni ya wanaoanza. Majina hayo yaliwekwa wakati watu wanapanda na viatu vya misumari na kamba ya katani kiunoni. Viatu vimebadilika, kamba zimebadilika, majina yamebaki. Mgeni anayesoma "ngumu sana" anakimbia njia ambayo mtoto wa shule angeipanda, halafu anaenda kuivaa 5.9 ya mzee fulani kwa sababu tisa inaonekana ndogo ukilinganisha na kumi na tano iliyo kileleni mwa mizani hiyo leo.

Mbaya zaidi ni hii. Msitu wa Fontainebleau, kusini-mashariki mwa Paris, una mawe mafupi ambayo watu hupanda bila kamba, wakiwa na godoro chini. Mizani yao nayo ina namba na herufi. Lakini 6A ya Fontainebleau na 6a ya njia ya kamba hazina undugu wowote wa karibu. Ya kwanza ni ngumu zaidi kwa mbali, kwa sababu inapima hatua chache zilizobanwa pamoja. Tofauti kwenye maandishi ni ukubwa wa herufi tu. Nioneshe duka lolote duniani ambalo kilo moja na Kilo moja ni vitu viwili tofauti na hakuna aliyeshtakiwa.

Watu wakatafuta dawa, wakatengeneza majedwali ya kubadilisha madaraja, kama vile dola kwenda shilingi. 6a ya Kifaransa ni 5.10a ya Marekani, ni VI+ ya UIAA, ni 18 hivi kwa mizani ya Australia iliyoanzishwa na John Ewbank miaka ya 1960. Wengi wanayabeba majedwali hayo kwenye simu kama hirizi. Lakini bureau de change inafanya kazi kwa sababu dola ya Arusha ndiyo dola ya Mtwara. 5.10a ya Yosemite siyo 5.10a ya eneo jipya la Nevada, na zote mbili ziko kwenye mizani moja, nchi moja. Sasa jedwali linabadilisha nini? Linachukua maoni mawili na kuweka alama ya sawasawa katikati.

Lazima niwe wa haki. Ziko tofauti ambazo hazina mwizi. Jiwe ni jiwe. Matale ya Yosemite yana nyufa ndefu ambazo unaingiza mkono mzima na kuukunja ngumi ili usichomoke. Mawe ya chokaa ya Ufaransa na Ugiriki yana vitobo vya vidole. Mawe ya mchanga ya Fontainebleau yanataka msuguano wa kiatu na kiganja, na siku ya joto na unyevu jiwe hilo hilo linakuwa kama sabuni. Mtu aliyezaliwa kwenye vitobo akipelekwa kwenye nyufa ataona namba zote za huko zimekosewa. Mrefu na mfupi hawapandi njia moja hata kama kamba ni moja. Njia zinazopendwa nazo husuguliwa na maelfu ya viatu hadi zinang'aa kama sakafu ya benki, kwa hiyo daraja la miaka arobaini iliyopita lilipima jiwe ambalo leo halipo. Haya yote nayakubali. Hayo ni mambo ya dunia.

Nisichokikubali ni utetezi unaotolewa. Nimeusikia mara nyingi, na una sura tatu.

Sura ya kwanza: "Ukibadilisha madaraja unawavunjia heshima waliotangulia." Hapana bwana. Waliotangulia waliandika 5.9 kwa sababu hawakuwa na 5.10. Hawakuwa wanakufundisha unyenyekevu, walikuwa wameishiwa namba. Kumheshimu mzee ni kusema alipanda 5.10 akiwa na vifaa duni kabla 5.10 haijapewa jina. Hiyo inampandisha mzee, haimshushi.

Sura ya pili: "Anayelalamika ni mlaini." Hii ndiyo hoja ya kila mnyanyasaji tangu bweni la kidato cha kwanza. Mimi niliteseka, na wewe uteseke. Nina mshikaji wangu wa Nairobi, mwandishi mwenzangu, aliyejifunza kwenye ukuta wa ndani wenye vishikio vya plastiki vya rangirangi. Mle ndani alikuwa mtu wa 6b bila taabu. Siku tuliyokwenda kwenye mwamba mmoja nje ya mji, akachagua ufa wenye daraja la chini kwa hatua kadhaa kuliko lake, maana karatasi ilimwambia ni mteremko. Alipofika mita kumi hivi akawa hana la kushika analolijua, miguu inatetemeka kama cherehani, kifaa cha mwisho alichokiweka kwenye ufa kiko mbali chini yake. Alishuka salama, ngozi ya mikono imebaki juu. Wenyeji wawili waliokuwa pembeni walicheka, wakasema, "Karibu kwenye mwamba wa kweli." Walijua tangu mwanzo. Walimwona akifunga kamba na hawakusema neno. Huo ndio ushujaa gani?

Halafu tusisahau na ule ukuta wa plastiki uliompa 6b. Lumbesa ina pacha wake, naye ni kipimo cha muuza maziwa anayeongeza maji. Ukumbi unaoishi kwa kiingilio una kila sababu ya kumfurahisha mteja, na maeneo yanayoishi kwa watalii nayo hupata sifa hiyo. Wakweaji wengi huitaja Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki, kama mahali ambapo mtu hurudi nyumbani na daraja kubwa kuliko aliloondoka nalo. Mmoja anapunguza namba kulinda sifa, mwingine anaongeza kulinda biashara, na kijana aliyetoka kwa huyu kwenda kwa yule ndiye anayening'inia katikati.

Sura ya tatu ya utetezi ndiyo ya kisomi, na wasomaji wa hapa wengi ni wasomi kwa hiyo tuijibu vizuri: "Daraja ni maoni tu, kwa nini ulichukulie kwa uzito?" Sawa. Basi liandikwe kama maoni. Usiniandikie nukta na desimali halafu nikikuuliza unaniambia ilikuwa hisia. B ya chuo kimoja siyo B ya chuo kingine, sote tunajua, na ndiyo maana mwajiri mwenye akili anauliza umesoma wapi. Ila hakuna anayekufa kwa B iliyokosewa. Njia ya mwamba inayohitaji uweke vifaa mwenyewe haina msalie Mtume.

Mtasema haiwezekani kurekebisha. Inawezekana, na inafanyika kila siku kule juu kabisa ambako majina makubwa yapo. Mwaka 1995 Mfaransa Fred Rouhling alipanda njia aliyoiita Akira, akaipa 9b, daraja ambalo halikuwa limesikika wakati huo. Watu wakabishana miaka ishirini na tano. Mwaka 2020 Lucien Martinez na Séb Bouin wakaipanda, wakasema ni 9a. Mwaka huo huo Mjerumani Alex Megos akapanda Bibliographie huko Céüse, Ufaransa, akaipa 9c, daraja ambalo kabla yake lilikuwa na njia moja tu, Silence ya Adam Ondra wa Czech iliyopandwa Norway mwaka 2017. Mwaka uliofuata Mwitaliano Stefano Ghisolfi akapanda Bibliographie kwa mpangilio rahisi zaidi wa hatua, akapendekeza 9b+, na Megos akakubali. Mbingu haikuanguka. Hakuna aliyemwona Megos dhaifu.

Basi kama mtu anaweza kupokonywa daraja kubwa kuliko yote duniani na akalala usingizi, nini kinazuia kijitabu cha eneo fulani kubadilisha 5.9 ya mwaka 1958 kuwa 5.10b? Nitawaambia. Kule juu wanaorekebisha ni mabingwa wenyewe, wanaoumia ni mabingwa, na kamera zipo. Huku chini anayeumia ni mwanafunzi asiye na jina.

Linganisheni na mashindano ya kasi, yale yaliyoonekana kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Ukuta wake una mita kumi na tano, umeinama mbele digrii tano, na vishikio vimepangwa vile vile popote duniani. Mtu akipanda chini ya sekunde tano Paris, ni sekunde zile zile za Jakarta. Pale namba ina haki ya kujiita namba. Mwamba wa Mungu hauwezi kuwa hivyo na wala sitaki uwe hivyo. Nachotaka ni kwamba pale ambapo kipimo hakiwezi kuwa sawa, aliyeandika aseme.

Hili linatugusa. Klabu ya Milima ya Kenya ilianza mwaka 1949, na njia nyingi za zamani kwenye nchi ile, kuanzia Hell's Gate karibu na Naivasha hadi kilima cha Lukenya, zilipewa majina na madaraja na wakweaji wa Kizungu waliokuja na mizani ya kwao mfukoni. Chukua Mlima Kenya wenyewe. Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walifika Nelion na kisha Batian mwaka 1929, na njia yao hupewa daraja la IV hivi. IV! Ukiisoma ukiwa Munich, ni kazi ya Jumapili. Lakini kamba zake ni kama ishirini, kilele kina mita 5,199, na hewa ya huko ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoivuta pale Feri. Namba ile haikusema uongo kuhusu vishikio. Imekaa kimya kuhusu mengine yote.

Vijana wa Nairobi wanaopanda leo wanaongezeka, na hapa kwetu yako mawe kuanzia Mwanza hadi Iringa yatakayopata njia zake siku moja. Ombi langu kwao ni dogo. Msirithi lumbesa. Mkiandika daraja, andikeni pembeni yake nani alilipa, mwaka gani, jiwe ni la aina gani, ukianguka unafikia wapi, na mgeni aanze hatua ngapi chini ya daraja lake la nyumbani. Njia ikisuguliwa, badilisheni. Wanne wakisema namba ni ndogo, badilisheni. Na mkimwona mgeni anafunga kamba chini ya ufa mnaoujua kwamba umeshindiliwa, msingoje mumcheke. Mwambieni.

Nawasilisha.